Je, Pikipiki Yahitaji Breki za ABS? Ujuzi, Chombo na Tawakkul



  

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza mbele ya vijana wenzangu baada ya Taraweh, na kusema kweli nilipotaja mada watu walicheka. Ati breki! Mmoja akaniuliza kama nimeishiwa na masuala ya funga. Nami najua kurasa hizi zimezoea nguzo za saumu na yale yanayoibatilisha. Lakini hebu nenda ukasimame kando ya barabara ya Malindi pale Mtwapa, nusu saa kabla ya Magharibi. Kila mtu ana njaa, kila mtu yuataka kufika kwake kabla ya adhana, na katikati ya matatu na malori wanapita vijana wetu kwa pikipiki, mmoja ana abiria wawili, mwengine ana ndoo ya kaimati mbele yake. Mwaka 2024, kwa hesabu za NTSA, zaidi ya watu 4,700 walifariki katika barabara za Kenya, na watu wa pikipiki walikuwa miongoni mwa waliofariki kwa wingi, baada ya watembea kwa miguu. Hao ni ndugu zetu. Jeneza zao tumezibeba.

Kaka yangu mkubwa ni mwendeshaji wa boda boda. Sehemu kubwa ya karo yangu ya chuo imetoka juu ya kiti cha pikipiki yake, kwa hivyo sisemi kama mtu anayewatazama hawa watu kwa mbali. Ramadhani iliyopita, wakati ule ule wa kukimbilia futari, mtoto alichomoka dukani na barafu mkononi, ya kutia kwenye sharubati, akaingia barabarani bila kutazama. Kaka alishika breki zote mbili kwa nguvu zake zote. Gurudumu la mbele likaganda, pikipiki ikalala, naye akaserereka kwenye lami. Mtoto hakuguswa, alhamdulillah. Kaka alivunjika mtulinga na akakaa nyumbani wiki sita, na mkopo wa pikipiki haujui kwamba mtu ameanguka.

Aliposikia kwamba nataka kuzungumza juu ya ABS alinijibu hivi: “Breki za kompyuta ni za wasiojua kuendesha. Mimi niko barabarani mwaka wa kumi na mbili huu. Na siku ile ilikuwa imeandikwa.” Hapo pana hoja mbili, ya ujuzi na ya kadari. Nitazijibu zote mbili, kwa heshima, manake ni mkubwa wangu.

Kwanza tuelewane ABS ni kitu gani. Tairi linalobingirika linashika barabara vizuri kuliko tairi lililoganda na kuteleza. Ukishika breki kupita kiasi, gurudumu linasimama lakini pikipiki inaendelea kwenda. Likiganda la nyuma, mkia wa pikipiki unayumba, na mwenye uzoefu huenda akauokoa. Likiganda la mbele, usukani haufanyi kazi tena na pikipiki huanguka kabla hujapata nafasi ya kufikiri. ABS ina sensa kwenye gurudumu inayopima mwendo wake. Ikiona gurudumu lataka kuganda, kompyuta ndogo inalegeza breki kidogo, inaikaza tena, inailegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na wewe huku umeibana tu. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuuza pikipiki yenye breki hizi za umeme mwaka 1988, kwenye K100. Siku zile lilikuwa pikipiki la matajiri, na mtambo wenyewe ulikuwa mzito. Leo umekuwa mdogo na mwepesi.

Sasa ujuzi. Kaka ana haki katika jambo moja, na sitaki kumdhulumu. Mwendeshaji hodari, kwenye lami kavu, akiwa tayari, aweza kusimama kwa umbali ule ule wa ABS. Tena kwenye mchanga na kokoto, ABS huenda ikarefusha umbali wa kusimama, ndiyo maana baadhi ya pikipiki za safari za porini zimewekewa swichi ya kuizima. Anayesema kifaa hiki ni dawa ya kila kitu anakudanganya.

Lakini angalia neno nililolisema: akiwa tayari. Pale stejini kuna kijana hupenda kusema, mbona wale wa mashindano ya MotoGP hawana ABS? Ni kweli, sheria za mashindano yale zinaikataza. Lakini yule wa MotoGP anajua kabla hajafika ni wapi atashika breki, kwa sababu kona ile ile ameipita asubuhi mara ishirini. Hakuna mbuzi. Hakuna matatu inayosimama ghafla kushusha mtu. Hakuna lami iliyolowa mvua ya kwanza ya masika juu ya mafuta ya miezi mitatu. Na hakuna mtoto aliyetumwa barafu. Akianguka, amevaa ngozi mwili mzima na pembeni pameachwa nafasi ya kuangukia. Huwezi kulinganisha ujuzi wa mtu anayejua hatari iko wapi na ujuzi wa mtu ambaye hatari inamtokea kwa ubavuni.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki yala karibu mita 14 kila sekunde. Ile sekunde ya kushtuka peke yake yatosha kuvuka duka na jirani yake. Na mtu aliyeshtuka hafanyi anayoyajua, hufanya ambayo mkono wake umezoea. Wangapi kati yetu wamewahi kufanya mazoezi ya kusimama ghafla? Wengi wetu tulifundishwa na rafiki, jioni moja, kiwanjani: huu ni kilachi, hii ni gea, twende. Na juu ya breki tukaambiwa neno moja tu, ya mbele inaua, usiiguse. Hilo si sahihi. Pikipiki ikishikwa breki, uzito mwingi unahamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Haitaki kunyakuliwa, yataka kubanwa pole pole mpaka mwisho, kama unavyokamua ndimu juu ya viazi vya karai. Ukiinyakua, gurudumu linaganda kabla uzito haujafika kulikandamiza. Kwa miaka kumi na mbili kaka aliiogopa breki ile. Siku aliyoihitaji, aliinyakua.

Basi hapo ndipo ninapoona ABS ina kazi. Mwenye ujuzi bado ni binadamu, na jioni ya mwezi kumi na tano wa Ramadhani ni binadamu aliyefunga, hajalala baada ya daku, na amebeba watu tangu alfajiri. Taasisi moja ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, imelinganisha pikipiki za aina zile zile zenye ABS na zisizo nayo, na katika hesabu ilizotoa miaka ya 2020 iliona ajali za mauti ni pungufu kwa asilimia 22 kwa zenye ABS. Utasema, huenda anayenunua ABS ni mtu mwangalifu toka hapo. Yawezekana. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliilazimisha tangu 2016 kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi 125cc. India nayo, ambako zinatoka pikipiki nyingi za stejini kwetu, kuanzia Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayouzwa humo ikizidi 125cc ilitakiwa iwe na ABS, na ndogo zake ziwe nayo au angalau ziwe na breki zilizounganishwa, ukishika moja na nyengine inashika.

Kuna jambo la upande wa pili, nalo lilinifikirisha sana. Zamani mjini Munich, Ujerumani, teksi za kampuni moja zilitiwa ABS nusu, na nusu zikaachwa. Watu walitaraji ajali zipungue. Wapi! Madereva wa ABS walianza kukata kona kwa kasi na kukaribia magari ya mbele, na ajali zao zikawa karibu sawa na za wenzao. Chombo kilikuwa kizuri, mtu akakitumia kununua haraka zaidi. Kwa hivyo akikuambia mtu kwamba kifaa kitamtia adabu mwendeshaji, mwambie aende akaulize Munich.

Sasa ile hoja ya pili, ya kwamba iliandikwa. Hadithi ya bedui na ngamia wake sote tumeisoma chuoni tangu wadogo, sitairudia. Nataka ukumbuke Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) siku ile alivaa deraya mbili, moja juu ya nyengine. Ni nani aliyekuwa na tawakkul kumshinda? Na wale waliokuwa pamoja naye walikuwa hodari wa vita, hawakukosa ujuzi. Hakuna aliyesema deraya ni ya wasiojua kupigana. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari ya tauni ya Sham akageuza msafara, Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba anatoka kadari ya Allah kuingia kadari ya Allah, na akapiga mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Akilisha huku ni kadari, akilisha kule ni kadari. Kaka anajua Qur'an kuniliko, tena alinisomesha juzuu ya Amma kwa kiboko. Alipoanguka iliandikwa, naam. Lakini pikipiki tutakayomnunulia mdogo wetu mwaka ujao hatujui imeandikwaje, na pesa zake bado ziko mfukoni mwetu.

Kwa familia zinazochangishana kumnunulia kijana pikipiki, na kwa vyama vya waendeshaji vinavyonunua kwa pamoja: ulizeni. Nyingi za pikipiki za kazi bado zina breki za dramu zinazovutwa kwa waya, na hizo hazitiwi ABS ya kawaida, yataka breki ya diski mbele. Muuzaji akiulizwa na mtu mmoja atacheka, akiulizwa na chama cha watu arubaini atapiga simu. Bei itapanda, najua. Na kama pesa ni za kitu kimoja tu, rai yangu ni helmeti mbili nzima na tairi zisizo kipara kwanza, kwani tairi kipara hata kompyuta haliwezi.

Mazoezi hayana bei. Mwezi wa Shaabani, baada ya Laasiri, tulikusanyika uwanja wa skuli, vijana tisa na pikipiki tano. Tulipanga ndala chini kuwa alama: ukifika hapa, simama. Kaka alikuja kututazama, bega lake limeshapona, akasema tunacheza. Kisha akasema aonyeshe. Mara ya kwanza gurudumu la nyuma liliganda akaipita ndala kwa mbali. Mara ya pili vile vile. Hakuna aliyecheka. Alishuka, akaitazama ile alama ya tairi kwenye mchanga, akaisogeza ndala kwa mguu, akarudi mwanzo wa uwanja akapanda tena.