Nani Anashika Funguo za Nyumba Yetu?



Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, kinatusimulia jinsi wajumbe wa Babeli walivyomwendea mfalme Hezekia na zawadi, naye kwa furaha akawaonyesha hazina yake yote, hata ghala la silaha. Nabii Isaya hakuuliza thamani ya zawadi. Aliuliza wageni wale wametoka wapi, na wameona nini. Nasi tunaliuliza swali hilo juu ya kamera za ulinzi na mitambo inayofungwa katika ofisi za serikali.

Mwaka 2012 lilizinduliwa mjini Addis Ababa jengo la makao makuu ya Umoja wa Afrika, zawadi ya China ya dola milioni 200. Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliandika kwamba kwa miaka mitano, kila usiku kati ya saa sita na saa nane, taarifa za kompyuta za jengo hilo zilisafirishwa hadi Shanghai. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja walikanusha. Sisi si mahakimu wa shauri hilo. Lakini mwaka 2020 shirika la habari la Reuters liliarifu kwamba wadukuzi walikuwa wakiiba picha za kamera za makao makuu hayo hayo.

Tusidhani kwamba kosa ni la taifa moja. Mwaka huohuo wa 2020 ilifichuliwa kwamba Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouzia nchi zaidi ya 120 mashine za kulinda mawasiliano ya siri, tangu 1970 ilimilikiwa kwa siri na majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi. Nchi hizo zilinunua kufuli kwa fedha zao wenyewe, kumbe ufunguo wa pili alibaki nao muuzaji.

Kamera ya siku hizi si jicho tu. Ni kompyuta ndogo iliyounganishwa na mtandao. Mtengenezaji aweza kuirekebisha akiwa mbali, na neno la siri la kiwandani lisipobadilishwa, mlango u wazi kwa yeyote. Ndiyo maana Novemba 2022 Uingereza iliagiza wizara zake ziache kufunga, mahali penye siri nzito, kamera za makampuni yanayobanwa na sheria ya ujasusi ya China.

Je, hayo yanalihusu Kanisa? Naam. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 26, unahesabu ulinzi wa faragha miongoni mwa haki za binadamu. Anayeumia kwanza si waziri. Ni mjane aliyekwenda kushtaki kunyang'anywa shamba, ni karani anayetoa ushahidi juu ya rushwa. Nao waumia vilevile ikiwa anayewachungulia bila sheria ni mwenzao wa nchi moja.

Hatufundishi chuki kwa wageni, wala hatusemi zawadi zote zikataliwe. Twasema mwenye nyumba ashike funguo zake, na wananchi waelezwe.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika ofisi tunazohudumiwa, picha zetu huhifadhiwa wapi, na nani huzitazama?
2. Mkataba wa mitambo ya umma unapotiwa saini, nani anauliza swali la Isaya?
3. Sisi viongozi walei, twatunzaje siri za wanaotuamini?