TUFIKE ZIWANI KWA MIGUU

*Maneno ya uongozi wa tawi kwenye mkutano wa wanachama. Ambao hamkufika someni, kisha wafikishieni wasio na simu janja.*



Manispaa yetu ya Singida imekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kuna miji inayotumia fedha nyingi kuchimba mabwawa na kupanda bustani ili watu wapate pa kupumzikia. Sisi tumepewa na Mungu. Lakini tuulizane: ni wangapi kati yetu wanaofika ufukweni kwa miguu, wakiwa na watoto, bila hofu?

Wengi wetu hatuna gari. Sokoni, shuleni, kliniki, kote tunakwenda kwa miguu, pembezoni mwa lami, tukipishana na malori, bajaji na bodaboda. Mama mwenye watoto watatu akitaka kuwapeleka kupunga upepo Jumapili, anapiga hesabu ya bodaboda kwenda na kurudi, kisha anaghairi. Bustani inayofikiwa kwa nauli ni ya wenye nauli.

Ndugu wanachama, sheria iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo ni akiba ya wote. Zikipata njia ya kuzifikia, kivuli na mabenchi, tayari tuna bustani. Bila njia, zitamegwa kidogo kidogo hadi tutakapokuta uzio.

Wenzetu wamethubutu. Zanzibar waliikarabati Forodhani mwaka 2009, na kila jioni watu wanaijaza kwa miguu. Kigali walianza siku ya bila magari mwaka 2016. Barabara hufungwa kwa saa chache asubuhi, watu wakatembea na kukimbia. Nairobi mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza Uhuru Park. Silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Jengo halikujengwa.

Vijana wetu wa bodaboda wameuliza kama tunataka kuwanyang'anya riziki. Hapana. Njia ya mguu inamwondoa mtoto kwenye lami, na dereva anapata nafasi ya kupita kwa amani. Safari za mbali na mizigo zitabaki kuwa zenu.

Wapo pia wanachama wetu wanaolima au kufyatua matofali karibu na maji. Hatuwezi kumwandikia diwani kuhusu uzio wa mwingine huku jembe letu limo ndani ya mita hizo hizo. Tunawaomba mkishavuna, msogee nyuma. Tawi litakaa nanyi kutafuta eneo lingine, hatutawaacha peke yenu.

Tumekubaliana mambo matatu:

1. Kila shina litembee kutoka mtaani kwake hadi ziwani na kuandika penye shimo, mtaro usio na kivuko, giza au njia iliyozibwa. Mchukueni mzee mmoja na mtu mwenye ulemavu. Wao ndio watakaotuonyesha tusichokiona.

2. Orodha hiyo tuipeleke kwenye mkutano wa mtaa, iingie kwenye muhtasari, kisha kwa diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata, nakala TARURA. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Tukichelewa, tumekosa mwaka mzima.

3. Barabara yoyote ya mtaa ikianza kutengenezwa, tuulize mapema: njia ya waenda kwa miguu iko wapi kwenye mchoro?

Jambo hili halina itikadi. Jirani wa chama kingine naye ana mtoto anayevuka barabara hiyo hiyo. Mkaribisheni kutembea nanyi.

Haba na haba hujaza kibaba. Mabalozi wa mashina, tunasubiri orodha zenu.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi
Singida Mjini