Damu Inayovuja Ndani ya Tumbo

Ndugu wanafunzi wa Rubafu! Leo tutazungumza juu ya damu isiyoonekana.

Mtu ameanguka kutoka juu ya mparachichi, au amegongwa na pikipiki, au ukuta umemwangukia, kama kuta zilivyoanguka Bukoba katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Hana jeraha. Anajipangusa vumbi, asema, "Ni tumbo tu, litapoa." Jamaa wanafurahi. Kumbe ndani ini limepasuka, au bandama, kile kiungo laini kilicho chini ya mbavu za kushoto. Malaria hulivimbisha bandama, nalo likivimba huweza kupasuka hata kwa pigo dogo.

Mtazameni vizuri. Je, anatoka jasho baridi? Midomo imepauka? Moyo unakwenda mbio? Ana kiu nyingi? Tumbo limekaza, au maumivu yamepanda mpaka begani? Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza 2, yu karibu na kufa.

Kidonda cha nje hukandamizwa kwa kitambaa. Tumboni mkono haufiki. Basi msimkande, wala msimpe chakula wala kinywaji, hata akililia maji, maana huenda akapasuliwa. (Rubisi ndiyo kabisa!) Mlazeni chali, magoti yamekunjwa kidogo, mfunikeni blanketi, mchukueni akiwa amelala. Zahanati haina chumba cha upasuaji. Msimlaze hapo kungoja asubuhi. Afike hospitali ya rufaa ya mkoa, mjini Bukoba.

Huko daktari hutazama tumbo kwa kipimo cha picha, kama kile cha wajawazito. Mgonjwa huongezewa damu, na ikibidi hupasuliwa ili mahali panapovuja pazibwe. Bandama laweza hata kuondolewa, na mtu akaishi. Iko pia sindano inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, wa majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba hupunguza vifo. Lakini itolewe kabla ya saa 3 kupita tangu kuumia. Ikichelewa yaweza kudhuru. Hesabuni wenyewe muda wa njia kutoka hapa.

Ndugu wawili watatu wenye afya wafuatane naye, wawe tayari kutoa damu.

Sasa shikeni kalamu, mwandike: "Ameumia saa ngapi?" Siku hiyo jibu liandikwe kwenye karatasi, apewe anayemsindikiza. Daktari ataliuliza.