Simu ya Mwalimu Saa za Kazi

(Maneno aliyoyasema Katibu wa Ushirika mbele ya wanachama, wazazi na walimu. Yamenakiliwa hapa kwa faida ya waliokuwa shambani na baharini siku ya mkutano. Msomaji, ukimaliza mpishe mwenzio, na karatasi usiichane.)



Nimepewa nafasi hii nizungumzie jambo ambalo limekwisha zungumzwa sana barazani, pwani na ndani ya gari za abiria, lakini halijazungumzwa mkutanoni. Jambo lenyewe ni simu za walimu wakati wa kazi. Wako wanaosema simu zote zikusanywe asubuhi zifungiwe kabatini. Wako wanaosema simu ya mtu ni mali yake, kainunua kwa jasho lake, asiguswe. Kamati ya Skuli imeleta pendekezo, na Ushirika umeombwa msaada. Mkutano ujao tutapiga kura. Basi si vizuri mtu akanyoosha mkono kwa jambo asilolielewa.

Ndugu zangu, tuanze kwa kuwa wakweli juu ya simu yenyewe. Simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa mjini New York mwaka 1973, na ilikuwa nzito kupita kilo moja. Kwetu Tanzania mtandao wa kwanza wa simu za mkononi ulianza mwaka 1994, na Zantel ikafuata mwaka 1999. Ulipofika umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, tabu ya kuchaji nayo ikapungua hapa Pemba. Leo simu ndiyo inayotuletea habari ya boti, bei ya mwani, na pesa kutoka kwa mtoto aliyeko Unguja, Dar es Salaam au Maskati. Hakuna kati yetu anayeweza kusimama hapa akasema simu ni kitu kibaya. Akisema hivyo, huenda yake ikalia mfukoni papo hapo.

Lakini kitu chema nacho kina wakati wake na mahali pake. Panga ni chombo chema, wala hatuingii nalo msikitini.

Sasa tutazame darasani. Tufanye hesabu ndogo, na hii ni hesabu ya mfano tu, simsemi mtu. Kipindi kimoja tuseme ni dakika 40. Simu ikimpotezea mwalimu dakika 5 katika kila kipindi, kwa vipindi 6 ni dakika 30 kwa siku. Kwa siku 5 za wiki ni dakika 150, yaani karibu vipindi 4. Kwa mwaka wa wiki 38 ni dakika 5,700. Gawa kwa 40 upate vipindi zaidi ya 142. Kwa vipindi 6 kwa siku, hizo ni karibu siku 24 za masomo. Mtoto hakuumwa, hakutoroka, hakwenda kuchuma karafuu. Alikaa darasani, na siku 24 zikampita. Dakika tano hazionekani, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha hasara.

Tena si dakika zile za maongezi peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, UNESCO, lilitoa taarifa kubwa mwaka 2023 juu ya vyombo vya teknolojia katika elimu. Humo umetajwa uchunguzi uliokuta kwamba mwanafunzi akishaondolewa mawazo na simu, huweza kuchukua hata dakika 20 kuyarudisha kwenye somo. Basi simu ya mwalimu inapolia mbele ya darasa lililojaa watoto, haimkatizi mtu mmoja. Inawakatiza wote.

Hata hivyo tusimtwishe mwalimu mzigo wote. Benki ya Dunia ilifanya uchunguzi katika skuli za msingi za Tanzania Bara mwaka 2014, ikakuta kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwamo darasani katika kipindi walichotakiwa kufundisha. Sababu zake ni nyingi, na wala simu haikutajwa kuwa ndiyo mkosa. Nimelileta hili ili tuelewe kwamba muda wa kufundisha ni kitu kinachopotea kwa urahisi, na kila tundu lifaa lizibwe. Simu ni tundu moja. Asije mtu akadhani tukishaiweka simu kabatini ndiyo watoto wote watajua kusoma.

Jambo la pili ni mfano. Watoto wetu hawaruhusiwi kuja na simu skuli. Mtoto akikutwa nayo huitiwa mzazi wake. Sasa mtoto huyo anapomwona mwalimu anatazama picha za kuchekesha huku wao wananakili ubaoni, anajifunza nini? Anajifunza kwamba kanuni ni ya mdogo, mkubwa hana kanuni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na skuli nayo ni mlezi.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo nawaomba mnisikilize vizuri. Simu ya siku hizi ina kamera. Mwaka 2009, katika mji wa Plymouth huko Uingereza, mfanyakazi mmoja wa kituo cha kulelea watoto wadogo alikiri mahakamani kwamba aliwadhalilisha watoto na kuwapiga picha kwa simu yake, akazipeleka kwa watu wengine. Akafungwa. Baada ya hapo, kanuni za Serikali ya Uingereza za mwaka 2012 zikalazimisha kila kituo cha watoto wadogo kiwe na utaratibu ulioandikwa juu ya simu na kamera. Mwezi wa Februari 2024 Wizara yao ya elimu ikatoa mwongozo kwa skuli, na humo imeelezwa kwamba wafanyakazi wasitumie simu zao kwa mambo yao binafsi mbele ya wanafunzi.

Simwambii mtu kwamba walimu wetu wana tabia hiyo. Haasha. Walimu hawa tunawajua, wengine ni watoto wetu wenyewe tuliowapakata. Lakini kanuni haiwekwi kwa sababu watu ni wabaya. Huwekwa ili mtu mwema asije akashukiwa bure, na mbaya asipate pa kujificha. Hata sisi katika Ushirika tunahesabu fedha mbele ya watu watatu, na sababu yake si kwamba Mweka Hazina ni mwizi. Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto, Nambari 6 ya mwaka 2011, na mtoto ana haki ya kulindwa na kutunziwa heshima yake. Picha ya binti aliyeanguka uwanjani sare ikapanda juu ikishatoka katika simu moja hairudi tena. Itazunguka mpaka siku ya harusi yake.

Haya, tumesikia upande mmoja. Tusikie na upande wa walimu, maana haki ina masikio mawili.

Walimu wametwambia hivi. Skuli haina simu yake. Mwalimu Mkuu akitaka kuwaita kikaoni huandika katika kundi la WhatsApp. Habari kutoka Wilayani nazo hupitia humo humo. Mtoto akianguka akavunjika mkono, simu ya kumwita mzazi ni ya mwalimu, na salio ni la mwalimu. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto moyo unavyopiga, au volkano, hana chombo kingine ila simu hiyo hiyo. Jamani, hayo ni kweli. Huwezi kumkopa mtu dau lake kila siku ukavulia, kisha ukamlaumu kwa nini ana dau.

Tena wako walimu wenye wazazi wagonjwa, na wengine familia zao ziko ng'ambo. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufundishwa maana ya kupata habari kwa wakati. Tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, mamia ya watu wakapotea, na kila nyumba ilikuwa inatafuta sauti ya mtu wake. Hatuwezi kumwambia mwalimu asipatikane kabisa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hiyo siyo kanuni, hiyo ni adhabu.

Na sasa, ndugu wazazi, zamu yetu. Nauliza: simu inayolia darasani saa tatu asubuhi, mpigaji ni nani? Mara nyingi ni sisi! Mmoja anauliza matokeo. Mmoja anataka amtolewe pesa. Mwingine anampigia mwalimu saa ya somo kumwambia aje aandike barua ya madai ya shamba. Asipopokea, tunasema ana kiburi. Akipokea, tunasema hafundishi. Basi afanye lipi? Nyani haoni kundule.

Kwa hivyo Kamati ya Skuli, baada ya kukaa na walimu, imependekeza hivi:

1. Mwalimu akiwa darasani, simu yake iwe imezimwa sauti na iwe ndani ya mkoba au chumba cha walimu. Isiwe mkononi wala juu ya meza.

2. Wakati wa mapumziko na baada ya vipindi, mwalimu yuko huru na simu yake, ila aitumie katika chumba cha walimu, si mbele ya watoto.

3. Mwalimu mwenye dharura, kama mgonjwa au mke aliyekaribia kujifungua, amwambie Mwalimu Mkuu asubuhi. Simu ikija atoke nje apokee, na mwenziwe alishike darasa.

4. Simu ikitumika kufundishia, iandikwe katika andalio la somo. Hiyo ni kazi, haina lawama.

5. Picha za watoto zisipigwe kwa simu binafsi. Pakiwa na sherehe, zipigwe kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu na wazazi wawe wamearifiwa.

6. Mwalimu na mwanafunzi wasiandikiane faraghani. Habari za mtoto zipitie kwa mzazi wake.

7. Atakayevunja kanuni, Mwalimu Mkuu amwonye faraghani mara ya kwanza, kwa maandishi mara ya pili, na ya tatu apeleke habari kwa ofisi ya elimu ya Wilaya. Simu ya mwalimu haitanyang'anywa, wala mwalimu hatasemwa gengeni.

8. Mzazi asimpigie mwalimu saa za masomo. Mwenye shida apige simu ya ofisi, au aje mwenyewe.

Hapo kwenye nambari 8 ndipo Ushirika unapoingia. Simu ya ofisi haipo. Tumeombwa tununue simu moja ndogo ya vitufe, isiyo na kamera, pamoja na salio la kila mwezi, ikae kwa Mwalimu Mkuu au msaidizi wake. Nambari yake itabandikwa hapa, dukani, na kwa Sheha. Yeyote mwenye dharura ya mtoto au ya mwalimu apige hapo, na mtu aitwe darasani.

Wako watakaosema: fedha za Ushirika ni za wanachama, skuli ni ya Serikali. Maneno hayo yana uzito, nami siyadharau. Lakini tukumbuke kwamba bila ya simu hii, kanuni nambari 1 haitadumu hata mwezi. Mwalimu atasema, mkinifungia simu yangu nipateni wapi? Naye atakuwa na haki. Tukimtaka mtu afunge mlango wake, tumfungulie mwingine. Wanaosoma pale ni watoto wa wanachama hawa hawa, na kesho ndio watakaoshika daftari za Ushirika huu. Asiyejua kuhesabu atauzaje karafuu bila ya kupunjwa?

Jingine: sisi Ushirika hatuna mamlaka ya kuitungia skuli sheria. Mamlaka ni ya Wizara ya Elimu, na msimamizi hapa ni Mwalimu Mkuu. Letu ni kupendekeza, kusaidia, na kushika upande wetu wa ahadi. Kwa hivyo kura ya mkutano ujao itakuwa na maswali mawili tu. La kwanza: tununue simu ya ofisi au tusinunue? La pili: sisi wazazi tunakubali kutowapigia walimu saa za masomo au hatukubali? Mwenye kusema ndiyo kwa walimu na siyo kwa nafsi yake, huyo hajapiga kura, amepiga domo.

Mwenye fikra nyingine, au aliyeona kanuni moja imekaza mno au imelegea, aiandike aitie katika sanduku la maoni hapo mlangoni. Asiyejua kuandika amwambie Katibu, atamwandikia kama alivyosema. Walimu nao wana haki hiyo hiyo, wala wasiogope kutia majina yao.

Ushirika ni nguvu.