Chokaa ya Kale na Saruji ya Leo
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Dunda, Bagamoyo)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ujenzi, nasi twashukuru kwa heshima hiyo, kwa kuwa wengi wetu hapa twaweka akiba kidogo kidogo tupate kujenga.

Kule Roma liko hekalu liitwalo Pantheon, lililomalizika yapata mwaka 126 baada ya Masihi. Kuba lake ni la zege, upana wake mita 43, wala ndani yake hamna nondo hata moja. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya mlima wa moto. Hata gati walizojenga baharini zingalipo, maana maji ya chumvi yakipenya katika zege lile huzaa chembe ngumu zinazozidi kulishikamanisha.

Sisi hatukuwa na majivu hayo, lakini tusidharau vya kwetu. Huko Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji huu, kuta za msikiti na makaburi ya kale zingali zimesimama, nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa tu. Wazee walichoma matumbawe juu ya magogo, wakaizima chokaa kwa maji. Nayo ikiisha kujengewa hunywa hewa polepole, ikarudi kuwa jiwe. Wala tusidanganyike: nyumba nyingi za zamani zilianguka, nasi twaziona zile zilizosalia tu.

Saruji ya leo, iliyopata hati yake Uingereza mwaka 1824, hushika upesi, na nguvu zake zaishinda chokaa. Ila twaitia nondo, na adui wa nondo ni chumvi. Chuma kikiingia kutu huvimba, kikivimba hupasua zege. Hayo hatukuyasoma vitabuni tu. Nguzo za baraza yetu tulizijenga kwa mchanga wa pwani, kwa kuwa ulikuwa rahisi; haikutimia miaka kumi, nondo zikachungulia nje.

Tena tumeona kuta za kale zikikandikwa saruji. Unyevu hukosa njia ya kutokea, na chumvi ikala mawe kwa ndani. Ukuta wa chokaa na utengenezwe kwa chokaa.

Basi shauri letu ni haya matatu: mchanga wa bahari usiingie katika zege; nondo zifunikwe zege nene; na paa likivuja lizibwe mara moja. Mkopo wa nyumba hulipwa miaka mingi, na si vyema nyumba itangulie kwisha kabla ya deni.