Ala na Upanga: Mhadhara wa Umma juu ya Taswira za Dinosaria wenye Pembe, Uliotolewa Idete



Nimetakiwa niseme juu ya taswira za dinosaria wala majani wenye pembe wakiwa katika makazi yao, ambazo wachoraji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakituwekea mbele ya macho kwa muda wa miaka mia na zaidi. Nami nimeona ni fahari kuyasema hayo hapa Idete, mahali ambapo mtu akitoka alfajiri kwenda shamba la mpunga, milima ya Udzungwa ikiwa nyuma yake ndani ya ukungu na mbuga ya mto Kilombero ikiwa mbele, hahitaji mwalimu wa kumweleza mnyama mwenye pembe huwaje anapotoka kwenye matete.

Tuanze na pembe yenyewe. Fuvu la nyati likilala porini masika moja au mawili, ile pembe nyeusi mnayoijua hulegea, na ukiivuta huchomoka nzima, mfano wa ala inayouacha upanga. Nao upanga unaobaki, yaani ule mfupa wa ndani, ni mfupi kuliko mlivyodhani, butu, tena una vitundu vidogo vidogo. Basi kila pembe ya dinosaria iliyogeuka jiwe ni upanga usio na ala. Mchoraji anayempaka rangi Triseratopsi, yule wa pembe tatu na ngao ya shingoni, kwa kuufuata mfupa peke yake, amempunja mnyama haki yake, kwa kuwa alipokuwa hai pembe zake zilikuwa ndefu zaidi na kali zaidi. Othniel Marsh, bingwa mkubwa wa Marekani, alipoletewa mwaka 1887 jozi ya mifupa ya namna hiyo iliyookotwa karibu na Denver, aliihesabu kuwa ya nyati wa kale. Hata mwaka 1889, mafuvu kamili zaidi yalipopatikana, ndipo alipompa mnyama jina alilonalo hivi leo. Simcheki, maana mwindaji yeyote wa bonde hili angesema nyati vilevile.

Kosa la London lilikuwa kubwa zaidi, na limesimama hadharani hata leo. Mwaka 1854 mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins alisimamisha katika bustani ya Crystal Palace sanamu za Iguanodoni, mla majani mkubwa, akamtia pembe puani kama kifaru, kwa kuifuata dhana ya mtaalamu Gideon Mantell. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, huko Ubelgiji, walifukua mifupa ya wanyama hao ikiwa imeungana, ikadhihirika kwamba ile pembe ilikuwa ni mwiba wa kidole gumba.

Katika ardhi yetu dinosaria wa ukoo wa Triseratopsi hajapata kufukuliwa. Tuliye naye ni Kentrosauri wa Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, mla majani mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu hadi mkiani, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuchimba huko kuanzia 1909 hadi 1913. Kazi hiyo ya jua na jembe ilifanywa na mamia ya watu wetu chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na mizigo ikachukuliwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi. Naye Kentrosauri hakusalimika na kalamu za wachoraji: jozi moja ya miiba yake iliwekwa kwanza nyongani, na wataalamu wengi wa leo wameihamishia begani.

Walakini mwili wa mnyama ni nusu ya taswira tu, na kwa rai yangu ndiyo nusu iliyo nyepesi; nusu ya pili ni makazi yake. Charles Knight, aliyemchora Triseratopsi akikabiliana na Tiranosauri, dinosaria mla nyama, kwa ajili ya jumba la makumbusho la Field, Chicago, alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, lakini licha ya hayo alikuwa akienda kuwakodolea macho wanyama hai katika bustani zao kabla ya kuwachora waliokufa. Mwigaji wake wa siku hizi hutafuta mnyama kwanza, kisha humtandikia chini zulia la nyasi. Hapo ndipo anapoteleza! Nchi ya Triseratopsi, miaka milioni 66 na zaidi iliyopita, ilikuwa tambarare yenye joto, mito na mafuriko, ambayo mtu wa Kilombero angeizoea upesi; ila nyasi zilikuwa bado hazijaitawala dunia, na pale ambapo sisi tuna mbuga ya nyasi, wao walikuwa na kangaga, mitende na miti ya maua.

Juzi kijana mmoja alinionyesha picha aliyoichora mwenyewe: Triseratopsi ndani ya tope hadi magotini, kangaga pande zote, pembe ndefu. Babu yake, mvuvi, akaitazama kitambo, akauliza, "Na ndege wake yuko wapi?" Nikamwambia kwamba ndege walikuwako zama zile. Kijana akachukua kalamu akamchora mmoja, mdogo, juu ya gogo, kando ya mnyama. Babu akamwonyesha mgongo kwa kidole, kijana akatikisa kichwa, akamwacha ndege palepale.