Oili Inayovuja na Dhamana ya Gari: Namna ya Kudai Matengenezo kwa Wenye Magari wa Izimbya

Dhamana ya gari jipya ni ahadi ya maandishi ya mtengenezaji kwamba kasoro ya kiwandani ikijitokeza ndani ya muda uliotajwa, itarekebishwa bila mwenye gari kulipia vipuri wala ufundi. Muda uliozoeleka ni miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kikitangulia. Kuvuja kwa oili ni dai lenye ubishi kuliko taa iliyozimika au redio iliyokufa, kwa sababu oili inaweza kuvujishwa na kiwanda, na fundi aliyefanya sevisi, au na jiwe la barabarani. Dhamana inahusu kosa la kiwanda tu. Kazi yote ya kudai ni kuonyesha oili inatokea wapi, na kwamba hakuna mkono mwingine uliopita hapo.

Katika kata za vijijini kama Izimbya, mkoani Kagera, gari lenye dhamana mara nyingi ni la taasisi: hospitali, parokia, shule, mradi au halmashauri. Watu binafsi wengi hununua magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo dhamana ya kiwanda ilikwisha zamani. Hali hiyo ina athari kubwa katika mada hii. Karatasi za dhamana hukaa kwenye kabati la ofisi, pengine Bukoba mjini au Dar es Salaam, wakati anayeliona tone la kwanza ni dereva ambaye hajawahi kuzisoma. Dereva mwema hufanya anachokijua: hupeleka gari kwa fundi wa jirani, kava linafunguliwa, silikoni inapakwa, safari inaendelea. Wiki chache baadaye oili inarudi, na wakala wa mtengenezaji akiiona ile silikoni anakataa dai zima. Madai mengi mema hufia hapo, na ni hasara inayoepukika.

Kabla ya kuita jambo lolote uvujaji, lazima ijulikane ni kimiminika gani. Boksi lililokunjuliwa na kutandikwa chini ya injini usiku kucha linatosha. Asubuhi, doa la rangi ya asali au jeusi huwa ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. La kijani au la waridi lisiloteleza kama mafuta ni maji ya rejeta. Na maji matupu chini ya gari lenye kiyoyozi si ugonjwa. Boksi liwekewe alama ya upande wa mbele ya gari, lipigwe picha likiwa mahali pake, kisha lihifadhiwe. Oili ipimwe pia kwa kijiti: gari linaloshuka oili bila kuacha doa lolote huenda linaila, yaani oili inaungua ndani ya silinda, na hilo ni dai jingine lenye vipimo vyake.

Sehemu zinazovujisha zinajulikana. Gasketi ya kava la valvu huvuja juu, oili ikateremka ubavuni mwa injini na kumdanganya mtazamaji kwamba tatizo liko chini. Sili ya krenki, mbele au nyuma, huachia oili karibu na puli au pale injini inapoungana na giaboksi. Kuna nati ya sampu, filta isiyokazwa sawasawa, swichi ya presha ya oili. Iko pia sababu isiyoonekana kwa macho: valvu inayoipumulisha injini ikiziba, presha ya ndani hupanda na kuisukuma oili kupita kwenye sili ambazo zenyewe hazina kosa. Fundi akibadilisha sili bila kuigusa valvu hiyo, uvujaji utarudi. Kwa hiyo dai liandikwe kuomba chanzo kitafutwe, lisitaje kipuri kimoja pekee.

Vumbi la barabara za changarawe husaidia na huharibu. Hugandia kwenye oili na kuchora njia yake kuanzia inapotokea, ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Lakini vumbi hilohilo hufanya unyevu mdogo uonekane kama mafuriko. Masharti mengi ya dhamana hutofautisha sili iliyotoa jasho na sili inayodondosha. Jasho huachwa liangaliwe sevisi ijayo. Injini isioshwe kabla ya kupigwa picha. Karakana yenyewe ndiyo itakayoiosha, itie rangi maalumu ndani ya oili, iendeshe gari, kisha imulike kwa taa ya urujuanimno ili chanzo kiwake.

Taarifa kwa wakala itolewe kwa maandishi siku hiyohiyo tatizo linapoonekana. Iwe na namba ya chesi, kilomita zilizosomeka, tarehe ya kununua, kiasi cha oili kilichopungua, picha, na ombi lililo wazi: wakala aelekeze gari lipelekwe wapi na nani agharimie kulivuta. Tarehe ya barua hiyo ina uzito mkubwa. Uvujaji ulioripotiwa dhamana ikiwa hai ni mgumu kukataliwa hata kama kazi itafanyika muda umekwisha. Ulioripotiwa kwa simu tu hauna pa kushika.

Umbali hadi kwa wakala ni mzigo wa kweli kwa mtu wa Kagera. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwenye njia ya Geita kwenda Mwanza, lakini safari bado ni ndefu kwa gari linalodondosha oili. Kiwango kikikaribia alama ya chini, gari lisimame. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe hapohapo, kwani injini ikinoki kwa sababu iliendeshwa bila oili, wakala ataligeuza dai dogo la sili kuwa kosa la dereva, na masharti yatamuunga mkono. Njia iliyo nafuu ni kumwomba wakala amtume fundi wake, au aidhinishe kwa maandishi karakana ya Bukoba ifanye kazi hiyo na kipuri kilichoondolewa kitunzwe. Magari ya serikali hutengenezwa kupitia TEMESA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2005. Gari likiwa bado na dhamana, afisa usafirishaji apate kwanza kibali cha mtengenezaji kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa.

Wakala akikataa, atoe sababu kwa maandishi. Sababu ya kawaida ni sevisi iliyorukwa, na jibu lake ni risiti zenye tarehe, kilomita na aina ya oili iliyowekwa. Sampu iliyopigwa na jiwe kweli haimo katika dhamana, na hakuna haja ya kubishana. Nje ya karatasi ya dhamana ipo sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili na kinachofaa kwa matumizi aliyoelezwa. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambako mlaji anaweza kupeleka malalamiko. Shauri la mkataba lina ukomo wa miaka 6.

Watengenezaji nao hukiri kasoro pale ushahidi unapokuwa mwingi. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Toyota iligharimia nchini Marekani kubadilisha bomba la oili la injini za V6 za lita 3.5, ambalo kipande chake cha mpira kilipasuka na kumwaga oili; lililowekwa badala yake lilikuwa la chuma tupu. Mwenye gari wa Tanzania alitaje namba yake ya chesi kwa wakala na kuuliza kama kuna marekebisho ya aina hiyo kwa modeli yake. Swali hilo halina gharama.

Kwa mwenye gari lililotumika, kinga kuu ni makubaliano yake na muuzaji. Yaandikwe kabla ya fedha kutoka, yakitaja injini, giaboksi na siku za majaribio.

Taasisi za Izimbya na Muleba zenye magari mapya zimpe dereva nakala ya masharti ya dhamana siku ileile anapokabidhiwa ufunguo, pamoja na namba ya simu ya wakala na amri moja ya maandishi: oili ikionekana chini, hakuna fundi anayegusa injini mpaka ofisi ijibu.